Maswali ya gia: uliza chuma kwanza, moto baadaye

Gia ya mashine yangu ya mbao ilikuwa inalika meno. Fundi akaipasha mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji. Kesho yake meno matatu yakakatika. Kwa nini? (Mafinga)

Ndugu yangu, hujasema gia ni ya chuma gani. Kila mara nauliza hilo, kila mara mnaliacha. Kwa kuwa meno yamekatika, kaboni ilikuwamo ya kutosha, kama asilimia 0.4 au zaidi. Chuma cha asilimia 0.2 kisingekuwa kigumu kiasi hicho. Fundi ameikaza gia yote, yaani ameifanya ngumu ngozi mpaka kiini. Jino linataka ngozi ngumu ya kuhimili msuguano na kiini kinachovumilia kishindo, na kwenye kupasua magogo kishindo hakikosekani. Lichukue jino lililokatika ulitazame. Gia iliyotengenezwa sawasawa huonyesha ukingo mwembamba wa punje laini, na katikati pana rangi na punje tofauti. Lako naamini linafanana kote.

Nipike pinioni (gia ndogo) ya pawatila kwa mkaa kwa muda wa saa ngapi? (Ubaruku)

Kama ni chuma cha kaboni ndogo, mfano 20MnCr5, ipange ndani ya boksi la chuma, uizungushie mkaa uliopondwa na magadi kidogo, mfuniko uuzibe kwa udongo. Nyuzi 900 hadi 950, saa nne hadi sita tangu boksi liive mpaka katikati: kaboni ya mkaa itaingia kwenye ngozi, upate ganda la takriban milimita moja. Kisha itumbukize kwenye oili, halafu ipashe tena kwa nyuzi 150 hadi 200 kwa saa moja au mbili. Hatua hii ya mwisho ndiyo mnayoiruka, kisha mnalaumu chuma. Na oili iliyoingia maji msiitumie: maji huchemka ghafla na kurusha oili inayowaka usoni mwa fundi.

Nondo inafaa kukereza gia? (Uyole)

Hapana.

Jino moja la difu (gia za ekseli ya gari) limevunjika, nilichomelee? (Tunduma)

Usithubutu. Moto wa kuchomelea unalegeza meno ya jirani na kuacha nyufa. Ukiteremka na mzigo, unahatarisha watu. Nunua nyingine, na pinioni yake pamoja.

Kukaza kwa naitrojeni ni bora zaidi? (Iringa mjini)

Kwa gia iliyokwisha kusagwa kwa vipimo, ndiyo: joto ni nyuzi 500 hadi 570 tu, haitumbukizwi kwenye oili, kwa hiyo haipindi sana. Ila ganda ni jembamba, na chuma lazima kiwe na kromi au aluminiamu. Mtu akikuambia anaikaza kwa kuiogesha kwenye chumvi iliyoyeyushwa, muulize kama ni ya sayanaidi. Ikigusana na asidi hutoa gesi inayoua. Kama hana mahali salama pa kuitunzia wala pa kuitupia, chukua gia yako uondoke.