Baba amestaafu na anashinda mbele ya runinga: mpe bao

Ndugu, umeuliza kama michezo inamfaa mzee wa miaka 68 aliyestaafu au ni mambo ya watoto. Inamfaa sana, mpe bao. Ila msianze na bao la kiswahili lenyewe: kunamua (kuingiza kete ubaoni moja moja) na kete 22 mkononi, huku akilinda nyumba (shimo lake kuu) yenye kete 6, humchosha anayeanza akaacha. Anzeni na bao la kujifunza, kete 2 kila shimo, zote 64 ubaoni. Vidole vikitetemeka, tafuteni ubao wenye mashimo mapana. Komwe, zile mbegu ngumu zinazotumika kama kete, hushikika vizuri kuliko kokoto. Na msimwachie ashinde, atawagundua tu! Akishazoea mpeleke barazani, maana wajukuu huchoka upesi. Wazee wenzake hawabanduki hadi magharibi.