Nianzie wapi kulea ndovu yatima?

Swali: Dada, nimemaliza kidato cha nne hapa Voi. Mtu asiye na digrii anaweza kulea ndovu yatima?

Jibu: Anaweza, mdogo wangu. Mimi mlezi, mwenzako mtarajiwa, nakuambia: subira ndiyo kazi yenyewe. Ndama mchanga hunywa maziwa ya chupa kila baada ya saa tatu, usiku kucha, nawe unalala zizini umfunike blanketi likianguka, maana nimonia humuua upesi. Walezi hubadilishana zamu makusudi, ndama asimng'ang'anie mlezi mmoja. Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa Sheldrick Wildlife Trust, shirika linalolea ndovu yatima, alilijua hilo kwa uchungu: mwaka 1974 alikwenda harusi ya bintiye, ndama Aisha akagoma kula, akafa. Ndama wakikua huhamishiwa Tsavo, jirani kwako. Liandikie shirika hilo barua, taja mifugo uliyochunga nyumbani.