Ndege wa Mida msimu wa kaskazi

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Gede. Tangu kaskazi ianze, matope ya hori ya Mida yamejaa ndege, lakini nikiwasogelea wanaruka, na wote naona ni kijivu tu. Sina darubini. Nitawatambuaje? Na mbona ikifika Mei wanapungua?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usiwafuate, ngoja maji yakuletee. Maji yakikupwa wanatawanyika mbali, hata mwenye darubini anapata tabu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa alasiri, nawe umeshatoka shule. Keti kwenye mikoko upande wa barabara ya Malindi, jua liwe mgongoni, utulie. Tope linavyofunikwa, nao wanasogea kwako.

Rangi iache kwanza. Tazama mdomo na mwendo. Sululu hakupotezi: mdomo mrefu, umepinda chini kama mundu. Katika vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, yuko mwenye mdomo uliobenuka juu na miguu ya manjano, anakimbia kichwa chini akifukuza vikaa. Mwingine mdomo wake umeinama kidogo, anadonoa tope bila kupumzika. Huyo huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, ambako sasa ardhi imeganda. Mwangalie tena Aprili: tumbo jeupe litaanza kuota mabaka ya rangi ya tofali. Hapo ujue safari imewadia.

Ninayempenda mimi ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa. Wenzake huzaliana Oman, nchi za Ghuba na pwani ya Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Utamwona kinda wa kijivu, mkubwa kama mzazi, bado anamwandama mama yake huku Mida akilia apewe kaa. Hapo mimi husahau hata kurudi nyumbani.

Lakini ndege wakiinua vichwa na kuacha kula, simama hapo hapo. Mafuta wanayojiwekea ndiyo ya kuwafikisha Siberia, na kila wakirushwa wanayapoteza. Vijana wanaowakimbiza ili wapige picha, nawaomba sana waache.

Mei wakubwa wameshakwenda kuzaa. Wanaobaki nasi wakati wa kusi wengi ni wachanga, hawajafikia umri wa kutaga; hao watasubiri hadi mwaka mwingine.