Ofa ya intaneti ya elfu 35: pima saa tatu usiku kabla ya kulipa

Nilipohamia Tabata, hata wiki haijaisha, kijana wa mauzo akanikuta getini na vipeperushi mkononi. "Dada, intaneti ya nyumbani elfu 35 kwa mwezi, kasi ya Mbps 10, bila kikomo, ruta bure." Nilikuwa nimechoka kununua bando la simu kila kukicha. Nikasaini palepale.

Siku kumi za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya 12 masomo ya video ya mwanangu yakaanza kukwama, picha inaganda mwalimu akiwa mdomo wazi. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa: "Dada, umevuka GB 100, kasi yako imeshuka hadi Mbps 1 mpaka mwezi uishe." Nikautoa mkataba kwenye droo. Kweli, sharti hilo lilikuwepo, ukurasa wa pili, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kumbe "bila kikomo" maana yake hawakukatii huduma. Kasi hawakuiahidi.

GB 100 ukiisikia ni nyingi. Lakini video ya HD hula mpaka GB 3 kwa saa moja. Nyumba inayotazama masaa matatu kwa siku imeshakula GB 9, na siku ya 11 mzigo umekwisha. Siku 18 zilizobaki nilinunua bando la elfu 2 kila siku ili kazi zangu ziende. Hiyo ni elfu 36. Ukijumlisha na ile 35 unapata elfu 71, wakati kifurushi nilichokikataa kwa kukiona ghali kilikuwa elfu 55. Iliniuma sana, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya dakika mbili na ningeweza kuifanya palepale getini.

Kwa hiyo mtu akikuletea ofa, muulize kwanza: nikifikisha GB ngapi mnapunguza kasi, na inashuka hadi ngapi? Akijibu kwa kuzunguka, mwambie akuonyeshe palipoandikwa. Muulize pia bei ya kuanzia mwezi wa nne wa mkataba, kwa sababu ofa nyingi ni za miezi mitatu ya mwanzo. Ruta ni yako au utairudisha? Ukihama nyumba, kuvuta waya upya ni shilingi ngapi?

Kuhusu kasi, wengi tunachanganya. Mbps ni megabiti kwa sekunde, MB ni megabaiti, na biti nane ndizo baiti moja. Kwa hiyo Mbps 10 si MB 10 kwa sekunde. Gawa kwa nane, unapata MB 1.25, yaani faili la GB 1 litachukua kama dakika 13 kushuka, tena kama hakuna mwingine anayetumia. Kama unafanya kazi ya kutuma video au kufundisha mtandaoni, ulizia na kasi ya kupakia, yaani ya kutuma kutoka kwako, ambayo kwenye vipeperushi vingi haitajwi kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mkataba utakaokuambia. Laini hizi tunagawana na majirani, kama bomba la maji la mtaa: saa kumi usiku linatoka kwa nguvu, alfajiri kila nyumba ikifungua linachuruzika. Kwenye intaneti muda huo wa kubanana ni kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kupima saa nne asubuhi mbele ya fundi hakukusaidii kitu.

Safari ya pili nilifanya tofauti. Nilisikia mzee wa nyumba ya pili ana ile huduma ya elfu 55. Nikaenda saa tatu usiku. "Shikamoo mzee, naomba nipime mtandao wako." "Marahaba mwanangu, pima, chai hiyo hapo." Nikapima mara tatu nikiwa nimekaa karibu na ruta, maana ukuta wa zege hula mawimbi ya Wi-Fi na unaweza kuilaumu kampuni bure. Kwenye kifurushi cha Mbps 20 nilipata 17, 18, kisha 17 tena. Nikamuuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akanionyesha betri ndogo nyuma ya televisheni inayobeba ruta na kile kiboksi kinachopokea waya wa faiba. Nilikwenda kununua betri ya kwangu kesho yake.

Bei kubwa nayo haikukingi na kila kitu. Mei 2024 EASSy na Seacom, nyaya zinazoleta intaneti kupitia chini ya bahari, zilipopata hitilafu, mtandao uliyumba Tanzania na nchi jirani. Hivyo bado naacha bando dogo kwenye simu.

Na ile ofa ya elfu 35? Mdogo wangu anaishi peke yake Mbagala, anatumia WhatsApp, anasoma habari, na Jumapili anatazama mechi moja. Nilimpigia hesabu, hafiki GB 40 kwa mwezi. Akapima kwa jirani yake usiku, akapata Mbps 8. Nikamwambia achukue.