Kabla ya mashine kuna kisu: maswali yenu kuhusu kemikali baharini na kwenye samaki

Jumbe za safari hii nyingi zimetoka pwani. Nimechukua sita, na nimefupisha salamu ili majibu yapate nafasi.

Mto Msimbazi unamwaga taka za mji mzima baharini. Kwa nini msichote ndoo ya maji, mkapima, mkatuambia mara moja? (Msomaji, Kigamboni)

Ndoo itachotwa, lakini itakupa habari za saa ile tu. Maji yakikupwa utachota ya mto, yakijaa utachota ya bahari kuu, na mvua ikinyesha Pugu usiku, kesho yake utakuta mambo mengine kabisa. Halafu vitu tunavyovitafuta ni vidogo mno majini. Zebaki kwenye lita moja ya maji ya bahari ya wazi haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa kiwango hicho, vumbi la mkono wa mchota maji linatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Ndiyo maana tunapenda kuwauliza wakazi. Chaza amejishika kwenye mwamba, hahami, anachuja maji mchana na usiku, na mengi anayoyanasa yanabaki mwilini mwake. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza kome na jamaa zake watumike kulinda pwani za dunia kwa namna hiyo, na Marekani imekuwa na mpango wa kitaifa wa aina hiyo tangu 1986. Huku kwetu chaza wa miamba na wa mikoko anafaa vizuri. Pasipo na chaza, waletwe kutoka sehemu safi, waning'inizwe kwenye kikapu cha wavu karibu na mdomo wa bomba la majitaka kwa wiki kadhaa, kisha wapimwe pamoja na wenzao waliobaki kwao. Kilichozidi kwa hawa waliohamishwa ndicho cha bomba.

Ukitaka ya zamani, uliza tope. Madini ya risasi na kadmiamu, na dawa ya wadudu DDT, hupenda kung'ang'ania tope laini, na tope hulala tabaka juu ya tabaka. Ila usilinganishe tope la mikoko na mchanga mweupe wa ufukweni ukasema ufukwe ni safi. Mchanga hauna pa kushikia kitu, hata taka zikipita hapo kila siku.

Nimesoma kwamba samaki wa huku wamekutwa na zebaki miligramu 1.2 kwa kilo, na kikomo cha Ulaya ni 0.5. Tumekwisha? (Msomaji, Mombasa)

Kabla ya kuogopa, tafuta kwenye ripoti maneno mawili: uzito mkavu. Maabara nyingi hukausha nyama ya samaki kabla ya kuipima, na nyama hiyo karibu sehemu nne kati ya tano ni maji. Basi 1.2 ya mkavu ni kama 0.24 ya mbichi. Vikomo vya Ulaya ni vya samaki mbichi, kama anavyouzwa. Nakiri kwamba nilipokuwa kijana maabara, nusura nipeleke kwa mkubwa wangu ripoti yenye kosa hilihili, na ilikuwa imebaki saini tu.

Uliza pia walipima samaki gani, na wa ukubwa gani. Zebaki huongezeka kadiri samaki anavyozeeka na kadiri anavyokula wenzake. Ndiyo maana Ulaya papa na nduwaro wana kikomo chao, miligramu 1 kwa kilo. Anayelinganisha papa wa bandari moja na vibua wa bandari nyingine hajalinganisha bandari.

Shikamoo mwalimu. Nafuga mwatiko kwenye bwawa la maji ya bahari. Hoteli inataka cheti cha kemikali. Nilete samaki wangapi, na kwenye mfuko gani? (Mfugaji, Mkuranga)

Marahaba. Swali la mfuko ni zuri kuliko unavyodhani. Samaki wa kupimwa madini kama zebaki na risasi awekwe kwenye mfuko safi wa plastiki, asifungwe kwa karatasi ya aluminiamu. Wa kupimwa viuatilifu ni kinyume chake: karatasi ya aluminiamu, na plastiki asiiguse. Hivyo ni samaki wawili tofauti, wala usimgawe mmoja kwa kisu chenye kutu. Barafu mara moja, kisha friza.

Samaki mmoja hatoshi. Leta kumi hivi, wa ukubwa mmoja, kutoka pembe mbalimbali za bwawa. Na usiombe wapimwe "kemikali zote", kwa sababu hakuna mashine ya kemikali zote. Ya madini huyeyusha nyama kwa asidi kali. Ya viuatilifu hutoa mafuta ya samaki kwanza, ikayatenganisha kwa kromatografia, yaani njia ya kuchambua kemikali moja moja. Kila moja ina bei yake. Kwa hiyo anza kwa kuangalia jirani. Kama anapuliza mikorosho, muulize anapuliza nini, maana salfa ya unga si sawa na dawa za maji.

Lete na kilo moja ya chakula unachowapa. Mwaka 2004 watafiti walipima samoni kama 700 wa kufugwa na wa porini, wakakuta wa kufugwa wana PCB, kemikali za viwandani zinazokaa kwenye mafuta, nyingi zaidi. Lawama iliangukia chakula: mafuta na unga wa samaki wadogo waliokwisha kukusanya kemikali hizo. Wafugaji walipochanganya mafuta ya mimea, viwango vikashuka. Mwatiko wako anakula zaidi ukoga wa chini ya bwawa, basi na tope la bwawa lije.

Ukifika maabara, waulize wanajipimaje wenyewe. Baraza la Utafiti la Kanada, kwa mfano, hutengeneza unga wa samaki ambao zebaki yake inajulikana. Mashine ikiusoma unga wa namna hiyo vibaya, haina haki ya kumsoma mwatiko wako.

Ni kweli perege wa kufugwa wanapewa homoni? (Msomaji, Morogoro)

Vifaranga, ndiyo, sehemu nyingi. Hulishwa homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne za mwanzo ili wote wawe madume, maana madume hukua haraka na bwawa halijai watoto. Baada ya hapo haendelei kupewa. Hadi anavunwa miezi kadhaa baadaye, mwili umekwisha kuitoa. Mimi ningewahofia zaidi wanaoshika homoni hiyo mikono mitupu.

Tuna maabara zetu, au kila kitu kinapelekwa Ulaya? (Msomaji, Mwanza)

Uko Mwanza unaniuliza mimi? Maabara ya samaki iko Nyegezi hapo. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya kubainika kwamba kuna waliovua kwa viuatilifu. Fedheha ile ilizisukuma nchi zetu tatu kujijengea upimaji wake.

Mke wangu ni mjamzito na anapenda sana papa mkavu. Nimeambiwa ndimu inatoa sumu. (Msomaji, Pemba)

Ndimu inaondoa shombo tu. Zebaki imejifunga kwenye nyama yenyewe. Haiondoki kwa ndimu, kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. PCB hupungua ukiondoa ngozi na mafuta, zebaki hapana.

Piga hesabu nami. Wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) wameweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methilizebaki, ndiyo zebaki ya kwenye samaki, kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, hasa kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 anapata 96. Papa mbichi mwenye miligramu 1 kwa kilo anazimaliza kwa gramu 96, kipande cha kiganja. Dagaa mwenye 0.05 anahitaji karibu kilo mbili. Na papa wa ng'onda maji yake yamekwisha kuondoka jua kali, kwa hiyo kipande kidogo zaidi kinatosha.

Samaki asiache, mtoto anamhitaji. Ahamie dagaa na vibua hadi ajifungue na amalize kunyonyesha. Papa atamkuta palepale sokoni.