Murdered: Soul Suspect: kufunga kesi na kuwapita mapepo bila kubahatisha

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini uchunguzi wako umekwama ukiwa na dalili 5 kati ya 9, unamwuaje pepo bila kukimbizwa, na kama gemu hili la upelelezi, unalocheza ukiwa mzimu, linafaa kuchezwa kwenye banda la kulipia kwa saa hapo Ngarenaro, Arusha. Naanza na la kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapoliacha na kusema ni gumu, na si gumu.

Soma swali. Kila uchunguzi una swali lake, na dalili unazochagua mwishoni lazima zijibu swali hilo, si kesi nzima. Mchezaji aliyezoea mpira au gemu za bunduki anaokota kila kinachong'aa, halafu anachagua dalili inayotisha zaidi, kwa kawaida damu au silaha. Ikiwa swali ni shahidi alijificha wapi, bastola haina kazi hata kama ndiyo iliyoua. Chukua mwanzo wa gemu: Ronan O'Connor, mpelelezi wa polisi mjini Salem, Massachusetts, anarushwa kutoka dirisha la ghorofa ya nne, kisha anamiminiwa risasi pale chini kwa bastola yake mwenyewe. Anainuka akiwa mzimu, matundu ya risasi yanawaka kifuani, na mwili wake umelala barabarani mbele ya macho yake. Kuna mengi ya kutazama pale, na yote ni ya kweli, ila yanayojibu swali ni machache. Jizoeze kulitafsiri swali kwa Kiswahili kichwani kabla hujagusa kitufe: wanauliza nani, wapi, vipi, au kwa nini? Ukishajua, nusu ya dalili zinajitoa zenyewe.

Hiyo 5 kati ya 9 isikutie hofu. Huhitaji kupata zote 9 ili ufunge kesi, unahitaji zile za msingi. Ukikosea kuchagua, unapunguziwa beji kati ya zile tatu zinazopima upelelezi wako, lakini kesi haifi wala hurudishwi mwanzo. Usizime mashine ukaanza upya kwa sababu ya beji moja, unapoteza muda wako bure.

Kama kweli umekwama, tatizo huwa ni mpangilio. Zunguka kwanza kingo zote za eneo uokote vitu vilivyo wazi: karatasi, alama, vilivyoanguka. Kisha nenda kwenye vivuli vya kumbukumbu, zile sura zenye ukungu zilizoganda mahali tukio lilipotokea. Watu walio hai waache mwisho. Sababu ni hii: ukimwingia shahidi mwilini, kama mzimu, na kutaka kumsukuma akumbuke jambo, gemu linakutaka uchague dalili ya kumkumbusha. Kama hujaiokota, utazunguka ndani ya kichwa chake bila kupata kitu, na utadhani gemu lina hitilafu.

Vile vivuli ndivyo vinavyotusumbua zaidi sisi tunaocheza kwa Kiingereza, maana gemu halina Kiswahili. Unaonyeshwa sura, halafu unapewa maneno kadhaa uchague yanayoeleza alichokuwa akifanya. Maneno mengine yanakaribiana sana: anayesihi, anayelia, anayeogopa. Usianze na maneno, anza na mwili. Zungusha kamera utazame mikono, kichwa na miguu. Mikono iliyoinuliwa mbele ya uso ni ya mtu anayejikinga. Mgongo uliojikunja nyuma ya kitu ni wa mtu aliyejificha. Kidole kilichonyooshwa ni cha anayetuhumu. Ukishaona kitendo, tafuta neno lake, na kama hulijui, kamusi ya simu inatosha. Washa pia maandishi ya mazungumzo kwenye mipangilio kabla ya kuanza, kwa sababu kelele za banda zitameza nusu ya sauti.

Ukimwingia mtu una njia kama kusoma mawazo yake, kuchungulia kwa macho yake, au kumshawishi. Kuchungulia kunasahaulika mno. Askari akiwa ameshika faili au mtu akisoma karatasi, huwezi kuiona ukiwa nje, mpaka utumie macho yake. Wapita njia mitaani wasome kwa raha zako tu, mawazo yao hayafungi kesi.

Sasa mapepo. Huwezi kupigana nayo uso kwa uso, kwa hiyo ondoa wazo hilo kabisa. Njia ni moja: umfikie kwa nyuma bila kuonekana, kisha ufuate mchanganyiko wa analogi (kile kijiti cha pedi) na kitufe unaotokea kwenye skrini. Mchanganyiko hubadilika, usiukariri. Ukikosea, anageuka na unakuwa windo. Hapo usikimbie kwa mstari ulionyooka. Jifiche ndani ya mabaki ya roho yaliyotapakaa eneo hilo, halafu ruka kutoka moja hadi jingine, kwa sababu pepo anayakagua na akilifikia ulilomo utatolewa. Kabla hujaingia kwenye chumba chenye pepo, simama nyuma ya ukuta uhesabu njia yake mara mbili: anasimama wapi, anageukia wapi. Kosa linalorudiwa zaidi ni kumfuata kwa haraka wakati yuko karibu kugeuka. Subiri amalize kugeuka, ndipo utoke. Na yale madoa meusi sakafuni yenye mikono usiyakanyage, yanakuvuta chini.

Kuhusu kuta: ndani ya jengo unapita ukutani bila shida. Kwa nje huwezi kuingia nyumba yoyote tu, kwa sababu kwenye hadithi majengo ya Salem yamewekwa wakfu kuzuia mizimu, basi tafuta mlango au dirisha lililo wazi. Zipo pia kuta na vitu vya kale vya kizimu, vyenye mng'ao wa buluu, ambavyo havipitiki. Ukiona njia ya hewa au ukingo wa juu usiofikika, tafuta paka. Unamwingia, anapanda na kupenya. Na pale unapomsindikiza Joy, yule binti anayeweza kuongea na mizimu, kazi yako ni kuchezea mashine na vifaa vilivyo karibu na walinzi ili wageuke naye apite.

Hadithi imeshikana na kesi za uchawi za Salem za 1692 na 1693, ambapo watu 19 walinyongwa na Giles Corey akafa kwa kukandamizwa na mawe. Vibao vya historia mitaani vinaeleza mengi, visome. Fanya pia kesi ndogo za mizimu mingine mapema. Ukikaribia mwisho gemu linakuonya kuwa hutarudi tena nyuma. Ukiliona onyo hilo na bado una kesi mkononi, geuka.

Banda la saa? Hadithi peke yake ni saa 7 au 8 hivi, na ukikusanya kila kitu inafika kama 12. Piga hesabu kwa bei ya banda lako. Gemu linasevu lenyewe, kwa hiyo mwambie mwenye banda akufungulie akaunti yako kwenye mashine moja, na mashine hiyohiyo uitumie kila siku, la sivyo mwingine ataanza juu ya safari yako. Umeme ukiyumba wakati alama ya kusevu inazunguka, unaweza kupoteza kipande.

Kwa maoni yangu ni nafuu kununua CD ya mtumba, Arusha au hapa Moshi. Limetoka 2014 kwa PS3, PS4, Xbox 360, Xbox One na kompyuta, na CD ya PS3 haichezi kwenye PS4, kwa hiyo soma jalada na CD yenyewe, maana huwa zinachanganywa. Igeuze kwenye mwanga: mikwaruzo inayozunguka duara ni mibaya kuliko inayotoka katikati kwenda nje. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine, na usiondoke mpaka usakinishaji umalizike na uone Ronan akianguka dirishani.