Mwaka wa tatu wa baiolojia: ulizia maabara kabla ya kusajili kozi

Usajili wa kozi ukikaribia, wadogo zangu wa hapa Tanga walioko vyuoni hunijia na swali lile lile: mwaka wa tatu nichukue kozi gani za baiolojia? Wanataja majina mazitomazito, baiolojia ya molekuli, mikrobiolojia, vimelea na wadudu, ikolojia ya pwani. Mimi nimesoma baiolojia na hadi leo nakula kwa kazi ya maabara, kwa hiyo jibu langu halibadiliki. Jina lisikubabaishe, ulizia maabara yake ikoje.

Tena usimuulize mhadhiri peke yake. Ataisifia kozi yake, na ni haki yake. Mfuate fundi wa maabara. Huyo ndiye anayejua kama mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, ni nzima au imefunikwa kitambaa tangu mwaka jana, hadubini moja inagombewa na wanafunzi wangapi, na kama kemikali zimefika au bado zinasubiriwa. Kozi ya kuchungulia mabegani mwa wenzako utaishia kuikariri tu, na kukariri hata nyumbani Ngamiani unaweza.

Halafu usibebe mikrobiolojia na baiolojia ya molekuli muhula mmoja. Kwenye ratiba kila moja imepewa saa zake chache za maabara, ukaona mbona zinaenea. Hazienei. Bakteria uliowapanda leo kwa kawaida wanataka saa 18 hadi 24 kwenye joto la nyuzi 37 ndipo makoloni, yale marundo ya bakteria yanayoonekana kwa macho, yaonekane vizuri, kwa hiyo kesho utarudi kuhesabu, uwe na kipindi kingine usiwe nacho. PCR nayo inakukalisha. Mashine inapanda hadi nyuzi 94 au 95 kuachanisha pande mbili za DNA, inashuka hadi hamsini na kitu ili praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, zishike, inapanda tena 72 kimeng'enya kifanye kazi ya kunakili, na mzunguko huo unarudiwa mara 30 au zaidi. Ikimaliza, ndipo uanze kuendesha jeli, yaani kuipitishia umeme ili vipande vya DNA vijitenge kwa mistari. Mchana umekwisha. Chukua moja kati ya hizo, uiambatanishe na kozi ya nje ya maabara kama ikolojia.

Hesabu zifanye kabla ya kuvaa koti. Mfano wa mikrobiolojia: umezimua sampuli yako mara 10,000, ukapaka mililita 0.1 kwenye sahani, kesho yake ukahesabu makoloni 84. Zidisha 84 kwa 10,000, kisha kwa 10 kwa sababu ulipaka sehemu ya kumi tu ya mililita. Unapata bakteria 8,400,000 kwa kila mililita, yaani wale wenye uwezo wa kuota. Wanafunzi wengi wanaisahau ile 10 ya mwisho. Na sahani yenye makoloni zaidi ya 300, au chini ya 30, haihesabiwi kuwa jibu la kutegemea.

Kontroli, yaani jaribio la kulinganishia, ndiyo inayomtenga mtu wa maabara na mtu wa kufuata maelekezo. Chukua mbu. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hata uwaweke chini ya hadubini nzuri kiasi gani, mbu wazima hutawatofautisha kwa macho. Kinachowatenganisha ni DNA. Sasa kwenye PCR yako lazima kuwe na kijichupa chenye kila kitu isipokuwa DNA ya mbu, maji tu badala yake. Kikitoa mstari kwenye jeli, kuna uchafu mahali, na majibu yote ya siku hiyo hayana maana hata kama yamependeza. Usiyafiche. Yaandike kwenye daftari kwa kalamu ya wino, yalivyo, siku hiyo hiyo. Daftari la kunakiliwa upya usiku ili lisomeke vizuri mimi siliamini.

Wa Tanga tuna bahati ambayo wenzetu wa bara hawana, maabara ya ikolojia ipo mlangoni. Nenda Sahare wakati wa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa, uone mikoko ilivyojipanga: mlilana mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenye mizizi ya upinde katikati, mkandaa nyuma kwenye udongo mkavu zaidi. Nyosha kamba kutoka bahari kuelekea nchi kavu, kila mita kumi weka fremu ya mraba, hesabu miti iliyomo. Maji mafu usijisumbue, hayapwi vya kutosha kukufikisha kule mbele. Kama hujui tarehe za bamvua waulize wavuvi, ila kumbuka huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kata jani, usikate mti. Mikoko ina sheria.

Mafunzo ya vitendo usiyaache hadi likizo ianze. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana vituo Tanga mjini na Muheza, na Amani kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Peleka barua mapema ukiwa na ya chuo mkononi, na useme wazi unachokiweza: kutambua mbu, kupaka slaidi ya damu, kutumia pipeti. Wanaopeleka barua za "naomba nafasi yoyote" ni wengi mno.